Mabati au Meno

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo, na paa letu nalo limeanza. Mwaka jana lilivuja juu ya kabati, mwaka huu limehamia juu ya kitanda. Nimeweka ndoo. Baba Wakili kaitazama ndoo, kaitazama dari, akasema, "Mwaka huu tunaezeka upya, liwalo na liwe." Hela ipo, tumeiweka kidogo kidogo mpaka ikatosha. Mume wangu ni fundi rangi, kapaka nyumba za watu mji mzima, na yetu haijaonja brashi tangu tuhamie. Nilimwambia hivyo, akacheka. Ndivyo alivyo, ukimsema anacheka.

Daftari hili kanipa binti yetu. Ndiye huyo Wakili mwenyewe. Jina la kuzaliwa analo, ila tangu aanze kuongea hajawahi kushindwa mabishano, na hilo la Wakili likamganda. Anasema mimi nina maneno mengi na humu ndani hakuna wa kuyasikiliza yote, kwa hiyo mengine niandike.

Alhamisi, Machi 7

Mvua kutwa. Saluni imepoa, nani atatengeneza nywele akazilowanishe? Nimeangusha chanuo tena.

Jumapili, Machi 10

Wakili kaniuliza kwa nini kikombe nimekishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia wa kulia umechoka. Yule mtoto haridhiki na jibu fupi, akauliza umechoka na nini, nikamwambia na maswali.

Ukweli ni huu. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati bila kumwambia mtu. Daktari akanibonyezabonyeza kiganja, akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nasuka. Tangu lini? Tangu kabla sijaolewa, na binti yangu sasa anamaliza shule. Akanitazama kama fundi anayeitazama gari ambayo mwenyewe bado anaamini itawaka. Akasema mshipa umebanwa, kuosha nywele sawa, kukata sawa, ila nikiendelea kusuka kutwa vidole vitakuja kukataa kabisa. Nikamshukuru, nikarudi saluni, nikasuka kichwa cha bibi harusi mpaka jioni.

Msusi asiyesuka ni nani? Ndilo swali ninalolala nalo.

Jumatano, Machi 13

Leo yamenitokea mambo mawili, na la pili limeniharibia la kwanza.

La kwanza. Mteja mmoja aliacha kipeperushi kwenye kiti. Bosi alitaka kukitumia kufungia mabaki ya nywele, nikakichomoa mkononi mwake. Kimeandikwa kwa rangi ya bluu: Cheti cha Msaidizi wa Daktari wa Meno, muda mfupi, ajira ya uhakika, umri si kikwazo. Kuna picha ya dada amevaa sare nyeupe, anacheka na meno yote. Nikakisoma nikiwa naosha kichwa cha mtu, nikakisoma tena nikiwa nakikausha. Moyo ukanidunda kama msichana aliyeandikiwa barua. Kazi ya kukaa karibu na watu, ya kumtuliza mtu kwenye kiti, ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote. Nitakuwa nimebadilisha upande wa kichwa tu.

Halafu nikaona ada. Ada ni paa letu zima, kuanzia mbao mpaka misumari.

La pili. Jioni tukiwa mezani nikaamua kulisema. Nyama ilikuwepo, na Baba Wakili akipata nyama anakuwa mtu mwema, nikaona ndiyo saa yake. Nikaeleza yote, mkono, zahanati, kipeperushi, ada. Wakili akaacha kula, macho yakamtoka. Baba yake alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Akatoa mfupa mdomoni taratibu, akauweka pembeni ya sahani, akasema, "Mm."

Nikangoja. Akasukuma sahani mbele, nyama imebaki nusu, akanyanyuka akaenda kukaa barazani peke yake kuangalia mvua.

Basi. Nimemweleza mume wangu kwamba mkono wangu unakufa, na kanijibu kwa herufi moja.

Jumamosi, Machi 16

Bosi keshajua. Saluni haina siri, nilimwambia mtu mmoja kabla ya chai na kufika mchana wateja wananipa pole na hongera kwa pamoja. Bosi ndiye mwenye saluni, kanizidi miaka michache na sauti mara nyingi.

"Kwa hiyo mdogo wangu unaniacha hapa unakwenda kunusa midomo ya watu?"

"Sijaamua, dada."

"Kichwa kikinuka unakiosha. Mdomo utauosha na nini?"

Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, maana Bosi akitania huna la kufanya. Lakini nilipoinama kuchukua taulo nilimwona anautazama mkono wangu, na hakuwa anacheka.

Jumapili, Machi 17

Baba Wakili kaacha chai mpaka ikapoa, ndipo akainywa. Mtu aliyezoea kuinywa ikiwa inatoa moshi. Nimemuuliza kuna nini, kasema hakuna kitu.

Jumanne, Machi 19

Mvua. Kabakisha chakula tena. Anasema ameshiba.

Jumatano, Machi 20

Nimekwenda chuoni. Jengo la vioo, ndani baridi mpaka nikajuta kuvaa blauzi ya mikono mifupi. Nikapokelewa na bwana mmoja kijana, tai yake imefika chini ya mkanda. Nimemwita Bwana Tai, jina lake alilitaja haraka likanipita.

Bwana Tai alinipa maji, akanipa kiti kinachozunguka, akaniambia nina uso wa mtu wa huduma. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikang'aa. Akasema wahitimu wao wanagombaniwa. Akasema umri wangu ni mtaji. Akasema nafasi zimebaki chache na dirisha linafungwa mwisho wa Aprili.

Nikamuuliza kama anaweza kunikutanisha na mmoja tu aliyemaliza, tuongee. Akasema bila shaka, atanitumia namba leo leo. Nikauliza kama kuna kiti cha wagonjwa, tujifunzie. Akasema chumba cha vitendo kiko kwenye matengenezo. Nikauliza tangu lini. Akaniongezea maji.

Lakini nitaandika kweli, nilitoka pale nikitembea juu juu. Nilikuwa nimeshajiona kwenye ile sare. Nimefika nyumbani ndoo imejaa na kumwagika hadi chini ya kitanda, Baba Wakili kakaa barazani, skafu yangu kaizungusha shingoni hadi masikioni. Nikamwambia nimetoka chuoni. Akatikisa kichwa, ndiyo au hapana, hata sijui.

Jumamosi, Machi 23

Namba ya mhitimu haijaja.

Jumatano, Machi 27

Nimepiga simu kwa Bwana Tai. Anasema mtandao.

Jumatatu, Aprili 1

Mvua ya mawe. Ndoo haitoshi, tumeongeza beseni. Wakili kachora karatasi yake ya hoja, upande huu faida, upande huu hasara, akanisomea kama yuko mahakamani. Upande wa hasara kaandika: kuanzia kazi mpya ukiwa mkubwa, mshahara wa mwanzo hauwezi kuushinda mwezi mzuri wa saluni, kitanda kitaendelea kulowana. Upande wa faida kaandika: mkono wa mama. Halafu hajaandika kingine.

Nikamwambia mbona upande huo mfupi. Akasema, "Mama, mimi naandika uzito, siandiki wingi."

Nikakumbuka kwa nini tunamwita Wakili.

Nilitamani baba yake asikie. Alikuwa amelala, saa kumi na moja jioni, mtu mzima na afya zake.

Ijumaa, Aprili 5

Tumegombana. Naandika nikiwa bado na hasira, na sitafuta neno.

Nilimpelekea mahindi ya kuchoma barazani, anayapenda kuliko mimi. Akayatazama, akasema nimpe Wakili. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Baba Wakili, kama hutaki nisome, sema hutaki. Usininunie mwezi mzima kama mtoto aliyenyimwa peremende."

Akasema, "Nimesema sitaki?"

"Hujasema chochote. Ndilo tatizo. Huongei, huli, hucheki hata nikikusema."

"Mama Wakili, niache leo."

"Leo tu? Jana je? Juzi je? Hela ni ya wote, kama unataka mabati niambie mabati, nitasuka mpaka vidole vikatike, tutalala pakavu."

Akainuka, akachukua mwavuli akaenda kutembea kwenye mvua. Mwanamume huyu amenibebea maji nilipokuwa na mimba. Amenisubiri nje ya saluni siku za mkesha wa sikukuu hadi nimalize kichwa cha mwisho. Na leo kaona heri mvua kuliko mimi. Nimelia jikoni. Wakili kaingia, kaniona, kaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi, Aprili 6

Hatusemeshani. Ndoo inasema kwa niaba yetu.

Jumatatu, Aprili 8

Nimekwenda kwa muuza mabati. Nilishakata shauri, yaishe. Yule mzee akanionyesha ya bluu, ya kijani, yenye migongo mipana. Nikagusa bati moja kwa vidole vya mkono wa kulia, sikusikia kama ni baridi. Nikalisukuma kwa nguvu zaidi, sikusikia. Nikamwambia nitarudi.

Nilipomsimulia Wakili, akasema, "Mama, umeuliza chuo kuhusu chuo, na muuza bati kuhusu bati. Kamuulize mtu anayeifanya hiyo kazi kila siku, asiyepata kitu ukisema ndiyo."

Alhamisi, Aprili 11

Kliniki ya meno iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Napita hapo kila siku na sijawahi kupanda ngazi zake. Nikamkuta msaidizi, dada wa makamo hivi, barakoa usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Nimekaa naye saa nzima na nikikutana naye barabarani leo sitamjua. Namwita Dada Barakoa.

Nilidhani atanifukuza. Kumbe mvua imemfukuzia wagonjwa kama ilivyonifukuzia wateja. Akasema kaa. Nikamwonyesha kipeperushi, akakisoma mpaka kwenye ada, akapuliza hewa nyuma ya barakoa mpaka ikavimba.

"Mimi nilisoma hapo," akasema.

Nikamwambia, basi wewe ndiye mhitimu niliyemtafuta kwa mwezi mzima.

Akasema cheti ni cha kweli, hakuna utapeli. Ila alimaliza bila kumgusa mgonjwa hata mmoja, na siku ya kwanza kazini alizimia yeye kabla ya mgonjwa. Akaniambia hospitali kuu ina shule yake, iko nyuma ya jengo la kufulia, rangi imebanduka, hakuna picha wala bluu. Muda ni mrefu zaidi, lakini unashika kazi tangu wiki za mwanzo, na ada haifiki nusu ya hii.

"Mtihani wa mwisho je?"

"Mama, mtihani ni ule ule. Cheti ni kile kile. Kule unalipia viyoyozi."

Nikauliza mbona hakuna anayeijua hiyo shule. Akasema kwa sababu haina mtu wa kuvaa tai.

Nikauliza kuhusu mkono. Hapo hakunidanganya, akasema hajui. Kuna kushika kitu kwa muda mrefu bila kutikisika, lakini si kazi ya vidole kukimbia kama kusuka. Akaingia ndani kuongea na daktari, akarudi akasema nije Alhamisi ijayo nisimame nao siku moja, nijionee mwenyewe. Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ya kuamrisha. Alinichungulia mlangoni akasema, "Kata kucha."

Jumapili, Aprili 14

Nimekata kucha. Baba Wakili kaziona, hakuuliza.

Alhamisi, Aprili 18

Nimerudi sasa hivi, jua bado lipo kidogo kati ya mawingu. Nataka kuandika kabla sijapika.

Walinipa koti, barakoa na glovu. Daktari akaniambia sheria moja tu: ukishavaa glovu, mikono yako ni ya mdomo wa mgonjwa na trei basi. Hugusi nguo, hugusi mlango, hugusi pua yako hata iwashe vipi. Ukigusa kitu kingine, unavua, unaosha, unavaa nyingine. Nikasema nimeelewa. Kazi yangu ilikuwa kumpa Dada Barakoa pamba akiomba.

Mgonjwa wa kwanza, mama mmoja. Kabla daktari hajageuka nimeshamkamata mama wa watu kichwa kwa mikono miwili, nimekilaza nyuma kama niko kwenye beseni la kuoshea, namuuliza kama shingo iko sawa. Daktari akasema, "Glovu." Nikavua, nikaosha, nikavaa.

Wa pili, kijana. Nikamwekea taulo mabegani nikaibana kwa nyuma. "Glovu." Halafu nikamuuliza anafanya kazi wapi, akiwa kapanua mdomo umejaa pamba. Akajitahidi kunijibu, maskini.

Wa tatu ndiye sitamsahau. Dereva wa lori, kifua kama kabati. Alipoiona sindano ya ganzi akaanza kutetemeka mpaka kiti kikawa kinalia. Mimi sijui ilikuwaje. Nilijikuta mkono umeshaingia kwenye nywele zake, unazipanga, unampapasa utosi kama ninavyowafanyia watoto wanaoogopa chanuo. Jitu likatulia tuli. Daktari akachoma sindano, akamaliza, akanigeukia. Nikasema mwenyewe, "Glovu." Akacheka kwa mara ya kwanza, ila akaniambia ukweli. Kutuliza watu ninakujua, hilo hatanifundisha. Ninachotakiwa kujifunza ni kuwatuliza bila mikono, na hicho kitanichukua muda kuliko majina ya meno.

Nimeharibu glovu nyingi kuliko wagonjwa. Na nimefurahi, jamani. Kutwa nzima mkono ulikaa kimya, haukuniuma wala kufa ganzi. Nilishuka zile ngazi nikasimama mbele ya duka la viatu nikacheka peke yangu.

Mchana tulikula chakula na Dada Barakoa. Nikamuuliza ni wagonjwa gani wanaomsumbua, akasema wanaume. Wanakuja jino limeshaoza hadi kwenye mzizi. Akasema ukiwa umezoea utawajua hata wakiwa nyumbani kwao. Jino likianza mwanamume haongei. Chai anaiacha ipoe. Anatafuna upande mmoja, kitu kigumu hagusi, anajifunika shavu anasingizia baridi, analala mchana. Ukimuuliza anakwambia hakuna kitu, ameshiba.

Nimeandika maneno hayo hapo juu na kalamu imeniganda mkononi. Nimefungua kurasa za nyuma. Chai. Skafu. Mahindi. Mfupa.

Ngoja.

Siku hiyo hiyo, baadaye

Nilimkuta barazani na kikombe chake. Nikamwambia, "Fungua mdomo."

"Nini tena?"

"Baba Wakili, fungua mdomo."

Akafungua kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Wakili akaniletea taa ya simu. Gego la chini, upande wa kushoto, limepasuka katikati, na fizi yake imekuwa nyekundu kama nyanya.

"Tangu lini?"

"Ile siku ya nyama," akasema. "Wewe unaongea habari za chuo, mimi nimeuma mfupa. Nikasikia pa."

"Sasa kwa nini ukasema mm?"

"Ningesema nini? Mdomo ulikuwa unawaka moto."

Nikakaa chini palepale, sakafuni. Mwezi mzima na zaidi. Nilimwita mtoto aliyenyimwa peremende. Nikamuuliza kwa nini hakusema hata kesho yake, hata tulipogombana. Akaangalia pembeni. Huyu mtu anapaka rangi kuta za maghorofa amening'inia kwenye kamba, anapiga mluzi. Kwanza akasema anaogopa koleo. Sawa, hilo nililitegemea. Halafu akasema la pili, polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Nakujua, Mama Wakili. Ningesema jino, ungesema kwanza tukatibu jino, chuo baadaye. Halafu baadaye ingekuwa mwakani. Hela ya ada ingeingia mdomoni mwangu. Nikasema nivumilie mpaka ulipe, ukishalipa haitarudi."

"Na paa?"

"Paa ni ndoo tu. Ndoo naweza kumwaga mimi."

Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii, na nilikuwa namsoma kama mtu anayesoma gazeti kwa nyuma. Nililia tena, ila si kwa ajili ya yale ya jikoni.

Ijumaa, Aprili 19

Kliniki, asubuhi. Baba Wakili alipanda ngazi kama anayekwenda kunyongwa, akageuka mara mbili, nikamzuia kwa nyuma.

Daktari akamtazama, akasema halizibiki, linang'olewa. Akanigeukia. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Unaweza kusimama, au ukae nje?"

Nikasema nasimama. Nikavaa koti, nikaosha, nikavaa glovu, nikashika trei ya pamba.

Sindano ilipotokea, mume wangu akanitafuta kwa macho. Jasho limemtoka, nywele zimesimama, na kile kidevu ninachokijua kinatetemeka. Mikono yangu yote miwili ilitaka kwenda. Niliisikia ikitaka. Nikaikaza kwenye trei. Nikasogea hatua moja ili anione vizuri, nikamwambia, "Baba Wakili, niangalie mimi. Usiangalie huko. Unakumbuka ile nyumba ya manjano uliyopaka, mwenye nyumba akarudi akasema aliomba ya kijani?" Akataka kucheka akashindwa, maana mdomo ulikuwa umeshajaa vyuma. Nikamsimulia yote, kwa utulivu, neno kwa neno kama anavyotusimulia yeye. Nilipofika pale mwenye nyumba anakaa chini kwenye ndoo ya rangi, jino lilikuwa limeshatoka, liko kwenye trei yangu.

Sikumgusa. Daktari hakuniambia kitu chochote, aliendelea kushona fizi.

Nje ya mlango nilivua glovu, nikakishika kichwa cha mume wangu kwa mikono miwili, mbele ya wateja wa duka la viatu.

Jumanne, Aprili 23

Kala ugali wa moto. Kaongea kuanzia mezani hadi barazani, naona anafidia. Nimemsema kuhusu kupaka rangi nyumba yetu, akacheka.

Ijumaa, Aprili 26

Bwana Tai kapiga simu. Dirisha linafungwa, ameniwekea nafasi kwa sababu ananijali. Nikamuuliza chumba cha vitendo kimeshatengenezwa? Akasema kiko mbioni. Nikamshukuru kwa maji yake.

Sio tapeli, nimeshamsamehe. Anauza anachouza. Ila mimi nataka kulipia kazi, na ile sare nitaishona mwenyewe.

Jumapili, Aprili 28

Kikao cha familia, watu watatu na beseni moja. Wakili akaongoza. Tumekubaliana shule ya hospitali kuu, ile ya nyuma ya jengo la kufulia. Hela inayobaki itanunua mabati ya upande mmoja, upande wa kitanda chetu na chumba cha Wakili. Jiko na sebule vitangoja mvua za mwakani, au mshahara wangu wa kwanza, au vyote. Baba Wakili kasema ataezeka mwenyewe na rafiki yake. Nikauliza atapaka na rangi? Akasema tusiharakishe mambo.

Nina hofu bado. Nitakaa darasani na watoto wa rika la binti yangu. Pengine mkono utakataa na huku pia, hakuna aliyenihakikishia. Lakini nimejua ninachonunua.

Alhamisi, Mei 2

Nimemwambia Bosi. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniambia Jumamosi zote ni zake, nije kuosha na kukata, kusuka nisiguse. Kisha akauliza kama wasaidizi wa daktari wanapewa punguzo, maana ana jino.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu kabla ya mvua."

Nikamwambia akae kwenye kiti chake mwenyewe, afungue mdomo.

Jumatatu, Mei 13

Jua. Kitanda kimekauka mpaka kinanuka godoro jipya. Mabati ya upande mmoja yanang'aa, nyumba yetu inaonekana kama mtu aliyenyolewa nusu.

Leo nimekwenda kuandikishwa. Chumba kina feni moja na inalia. Nyuma ya meza alikuwa mwalimu, mama mtu mzima mwenye miwani, na kwenye benchi vijana waliopendeza wanangoja zamu zao. Kila mmoja anaulizwa kwa nini anataka kazi hii. Nilisikia majibu mazuri sana, kuhudumia jamii, ndoto za utotoni, afya ya kinywa. Nami nilikuwa nimejiandalia langu, Wakili kanifundisha, lina hoja nne.

Zamu yangu ilipofika yote yakanitoka. Nikasema, "Mume wangu aliumwa jino msimu mzima wa mvua, mimi nikadhani amenuna."

Vijana wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza jina langu linaandikwaje.